Upinde wa kwanza: nilianza na ratili 60, nikarudi 30

Upinde wangu wa kwanza ulifia kwenye nyama choma. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, nyuma ya nyumba yangu hapa Brooklyn Park, Minnesota. Mbuzi tulimchangia watu wanne, makaa yameshika vizuri, na wageni wakawa wameshakiona kile kitu cheusi chenye magurudumu nilichokitundika gerejini. "Kumbe Mkamba karudia kazi ya wazee wake!" Jamaa mmoja mwenye mwili, yule tunayemwita mtu akihama nyumba, akautoa nje. Akauvuta kwa vidole mpaka mwisho, mishipa ya shingo imemsimama, watu wanashangilia. Kisha akaachia. Mshale haukuwepo.

Ulilia kama bati lililopigwa rungu. Ugwe, ile kamba ya upinde, uliruka kutoka kwenye magurudumu, na bawa la juu (ule mkono wa upinde unaopinda) likapasuka kwa urefu kama bua kavu la mahindi. Watu wote kimya, mafuta ya mbuzi tu yanachuruzika kwenye moto. Jamaa ameushika bado, anautazama kama mtoto aliyevunja chungu cha bibi. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, maana wapo waliopofuliwa na vipande vya namna ile. Upinde ukivutwa unajaa nguvu, na nguvu hiyo mshale ndio huondoka nayo. Usipokuwapo mshale, inaurudia upinde wenyewe. Nilikuwa nimeambiwa hilo dukani. Wageni wangu sikuwaambia.

Nilikasirika, ndiyo. Dola 480 si pesa za kuchezea kwa mtu anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Lakini moyoni nilipumua. Upinde ule ulikuwa unanitesa tangu siku niliyoununua, na nilikuwa naona haya kusema.

Mambo haya yalianzia kazini. Mwenzangu mmoja, Mmarekani, alikuwa akija na nyama ya kulungu aliyoikausha mwenyewe, tunatafuna saa tisa usiku wagonjwa wamelala. Akanieleza kwamba msimu wa mishale hapa Minnesota unafunguliwa katikati ya Septemba na kufungwa mwisho wa Desemba, miezi mitatu na nusu, ilhali wenye bunduki wanapewa siku chache tu za Novemba. Mimi nikamwambia kwetu Mwingi, Kenya, kila mzee alikuwa na uta. Wiki iliyofuata nikaingia kwenye duka kubwa kando ya barabara kuu, lile la kuuza kila kitu kuanzia mashua hadi soksi. Kijana wa zamu aliniuliza maswali mawili: unatumia mkono gani, na unataka kuwinda nini. Nikajibu mkono wa kulia, na kulungu. Akanitolea kompaundi, upinde wa magurudumu, ya ratili 60 (pauni, kama wengi wetu tunavyosema), mvuto wa inchi 30 (umbali ambao ugwe unavutwa nyuma), pamoja na kilengeo, podo la kubana ubavuni mwa upinde na mishale mitatu. Nikauvuta mara moja mbele yake kwa shida kubwa. Akasema, "Utazoea." Nikalipa.

Ratili 60 ni kilo 27. Chukua mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa, ongeza kilo saba juu yake, kisha uvute uzito huo kwa vidole vitatu na misuli ya mgongo, huku mkono mwingine umenyooka mbele na hauruhusiwi kutetemeka. Ndicho nilichokinunua. Ili kuuvuta ilinibidi niuelekeze juu angani kama mtu anayepiga mwewe, halafu niuteremshe polepole hadi kwenye shabaha. Baada ya mishale sita bega lilikuwa linawaka moto. Na kwa vile urefu wa mvuto ulinizidi, ugwe ulikuwa unanichapa kwenye kigasha (mkono chini ya kiwiko) karibu kila mshale. Nilikwenda kazini na alama ya damu iliyovilia, ndefu kama rula, na muuguzi wa zamu akaniita pembeni kuniuliza kama nyumbani kuna amani.

Kwa nini sikurudisha? Ni kiburi tu. Nilijiambia mjukuu wa mwindaji hawezi kushindwa na ratili 60.

Hapa sina budi kumzungumzia babu, kwa sababu yeye ndiye aliyenidanganya bila kujua. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, kabla sijazaliwa, kwa hivyo uta wake niliukuta umeshastaafu. Ulikuwa umechomekwa darini juu ya moshi, unashushwa usiku tu mbuzi wakilia zizini. Mti mmoja, mwembamba, mweusi kwa moshi na mafuta. Sisi watoto tulikuwa tukijaribu kuuvuta tunashindwa, na yeye, mzee aliyekuwa hana meno, anauvuta huku anaongea. Nikakua nikijua kwamba upinde wa mwanaume ni upinde mgumu. Ukisikia na habari za Wata wa Tsavo, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliokuwa wakiwinda ndovu kwa nyuta zilizopita ratili 100, basi 60 unaiona ya watoto.

Nilichokuwa sikijui ni mambo mawili. La kwanza, babu hakuanza na uta ule. Alianza akiwa mtoto wa kuchunga ndama, na kijiti cha kupiga njiwa, akapanda mwaka hadi mwaka. La pili ni sumu. Mishale ya kuwindia ya Ukambani ilipakwa dawa nyeusi kama lami, iliyochemshwa kutoka kwenye mti, kisha chembe, yaani kichwa cha mshale, ikavingirishwa ngozi nyembamba dawa isikauke. Sumu ile inasimamisha moyo wa mnyama. Mshale ulihitaji kuingia tu na kukaa, ndiyo sababu vigumba vyao vilikuwa na miba ya kurudi nyuma, visitoke.

Hapa Minnesota sheria inasema hivi: upinde wa kuwindia kulungu usipungue ratili 30, chembe iwe na makali mawili ya chuma au zaidi, upana wake usipungue inchi 7/8 (sentimita mbili na kitu), na isiwe na miba. Sumu ni marufuku. Yaani kila alichokitegemea babu, hapa ni kosa. Mshale hapa unaua kwa kukata. Unapita mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili, na mnyama anaanguka ndani ya dakika moja au mbili. Ili upite pale unapotakiwa, kwanza mpigaji awe anapiga anapotazama. Na mtu aliyevuta mzigo unaomshinda hapigi anapotazama.

Haya yote nilielezwa na mzee mwenye duka dogo la pinde, nusu saa kwa gari kutoka kwangu, ambako nilipeleka maiti ya ule upinde nikiuliza kama unatengenezeka. Aliugeuza mara moja, akakuna ndevu, akaniambia kutengeneza kutagharimu karibu na kununua. Hakunionyesha upinde mwingine. Alinipa kiti.

Kile kiti ndicho ninachotaka ukikumbuke hata ukisahau mengine yote. Alinikalisha, akanipa upinde, akasema, "Inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, kisha vuta." Ukiwa hewani namna hiyo huna pa kujikaza, kiuno hakikusaidii, ni mgongo wako na upinde tu. Ratili 50 nilitetemeka. Ratili 40 nilivuta kwa kuyumba. Ratili 30 ilikuja polepole hadi kidevuni, nikaishikilia akihesabu hadi kumi, nikairudisha polepole vilevile. "Huo ndio wako," akasema. Nikamwambia huo ni wa wanawake. Akaniita dirishani, akanionyesha msichana kwenye uwanja wa nyuma aliyekuwa anapiga kwa ratili 28, mishale yake imejibana kwenye duara la upana wa kisahani cha chai. Sikuongeza neno.

Halafu akanipima. Alinisimamisha ukutani nimenyoosha mikono, akachukua urefu kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: inchi 69. Ukigawanya kwa 2.5 unapata 27.6. Akahakikisha kwa kunipa upinde mwepesi kama mchezo wenye mshale uliochorwa inchi kama rula, nivute mara tatu, akisoma namba kila mara. Inchi 27 na nusu. Yule kijana wa duka kubwa alikuwa ameniuzia 30, yaani shati la jitu. Inchi mbili na nusu zinasikika kama si kitu, lakini ndizo zilizokuwa zinapeleka ugwe kwenye kigasha changu.

Kisha macho. Unanyoosha mikono mbele, unakutanisha viganja na kuacha kitundu kidogo katikati, unatazama kitu cha mbali kupitia hapo, halafu unafumba jicho moja kisha jingine. Jicho ambalo likibaki wazi kitu hakihami, ndilo linalotawala. Langu ni la kulia, sawa na mkono, kwa hivyo mambo ni rahisi. Kama jicho na mkono vimepingana, wanaoanza hushauriwa walifuate jicho. Na ujue kwamba upinde wa "mkono wa kulia" maana yake ni mkono unaovuta ugwe, si unaoshika upinde. Nimeshaona ndugu mmoja akinunua mtandaoni kinyume kwa sababu hiyo, na mwenye kuuza hakukubali kurudishiwa.

Sasa, kifaa chenyewe. Nilichotoka nacho ni Samick Sage, upinde wa rikavu, usio na magurudumu wala kebo, ncha zake zimepinda mbele. Una urefu wa inchi 62 na vipande vitatu: mpini wa mbao katikati, na mabawa mawili ya mbao na faibaglasi yanayofungwa kwa skrubu. Kwa mtu anayeanza, faida kubwa iko hapo kwenye vipande. Mabawa yanauzwa peke yake, kuanzia ratili 25 hadi 60, kwa hivyo mwili ukikomaa unanunua mabawa tu na mpini unabaki uleule. Nililipa dola 140 na kitu. Mabawa mapya ni nusu ya bei hiyo.

Zingatia kwamba namba iliyoandikwa kwenye bawa imepimwa upinde ukivutwa inchi 28. Mimi navuta pungufu kidogo, kwa hivyo napata kama ratili 29. Kila inchi inaongeza au kupunguza ratili mbili hadi tatu. Mtu mrefu wa inchi 30 akichukua bawa la 40 asishangae anapoona mkononi lina 45.

Uzuri wake mwingine ni kwamba ni mwepesi, hauna cha kuharibika, na ukikosea unakwambia papo hapo. Kompaundi ina vilengeo na vifaa vinavyoficha makosa yako. Rikavu haifichi. Ukilegeza mkono kidogo, mshale umekwenda kushoto. Ukichungulia kuona ulikopiga kabla haujafika, umekwenda chini. Kwa miezi minne nilipiga mishale arobaini, siku tatu kwa wiki, kwenye uwanja wa wazi ambako sheria ni ya filimbi: mbili mnakwenda kwenye mstari, moja mnapiga, tatu mnakwenda kuchukua mishale. Wiki ya kwanza nilisimama yadi 7 tu kutoka kwenye shabaha, mzee kaniamuru. Nikaona ni dharau. Mwisho wa mwezi nikahamia yadi 10, kisha 15, na nilipofika 20 (mita 18 hivi) nilikuwa naweka mitano kati ya sita kwenye sahani ya kulia wali. Bega halikuuma hata siku moja.

Vitu vidogo usivipuuze. Kinga ya kigasha, kipande cha ngozi cha vidole, na ile kamba ya kukunjia upinde ili kuupachika ugwe: jumla haikufika dola 40. Hiyo kamba ni lazima. Nimeona watu wanafunga rikavu kwa kuukanyaga na kuukunja kwa paja, na baada ya muda bawa limejisokota.

Kwenye mishale ndipo wengi tunapobania pesa vibaya. Ugumu wa wano, yaani ule ufito wenyewe, unaandikwa kwa namba, na namba inakwenda kinyume na unavyodhani: kubwa ni laini, ndogo ni ngumu. Wanaliweka wano juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza uzito wa gramu 880 katikati, wanaona limepinda kiasi gani. Likishuka nusu inchi ni 500. Upinde wangu wa 30 ulipewa 600. Ile mitatu iliyokuja na ule mkubwa ilikuwa 340, na nilipoijaribu kwenye rikavu ilikwenda pembeni kama mbuzi aliyeona lango wazi. Mishale yenyewe haikuwa na kasoro, ila haikuwa ya upinde ule. Nunua sita kwa kuanzia, si mitatu. Miwili utaipoteza kwenye majani kabla ya mwezi kwisha.

Hadi hapo nilikuwa mpiga shabaha. Kulungu je?

Kisheria Sage yangu ilikuwa imegusa mpaka, au tuseme imekaa chini yake kwa ule upungufu wa nusu inchi, na mimi sikutaka kubahatisha, si na sheria, si na mnyama. Njia moja ilikuwa kununua mabawa ya 45 na kujenga mwili mwaka mwingine. Kuna watu wanafanya hivyo na nawaheshimu. Lakini kuna shida moja ya rikavu ambayo hujui mpaka ukae porini: uzito wote unaubeba mpaka mwisho. Kulungu hakusubiri. Unavuta, anasimama nyuma ya mti, wewe una sekunde tano kabla mkono haujaanza kucheza.

Hiyo ndiyo shida iliyotatuliwa na Holless Wilbur Allen, Mmarekani wa Missouri aliyeomba hataza ya upinde wa kompaundi mwaka 1966. Magurudumu ya kompaundi za siku hizi yanakufanya uvute uzito wote njiani, lakini ukifika mwisho mzigo unashuka kwa asilimia 70 hadi 80 na zaidi. Ukiwa na ratili 50 unabaki umeshika kati ya 10 na 15. Unaweza kusimama hivyo dakika nzima.

Kwa hivyo mwaka wa pili nilirudi kwa mzee yule, na safari hii niliijua hesabu yangu. Aliniuzia Bear Cruzer G2 iliyotumika, dola 220, imekaguliwa na ugwe mpya. Bear ni jina la zamani katika kazi hii, Fred Bear aliianzisha Detroit mwaka 1933. Nikiulizwa kompaundi ya kuanzia najibu aina hii, si kwa jina bali kwa tabia yake. Uzito unarekebishwa kutoka ratili 5 hadi 70, na urefu wa mvuto kutoka inchi 12 hadi 30, kwa alenki tu, bila kuupeleka kwa fundi mwenye mashine ya kubana. Yaani upinde mmoja unaweza kumtosha mtoto wa darasa la pili na baba yake. Mzee aliuweka inchi 27 na nusu, ratili 42, akaniambia nizungushe skrubu kidogo kila wiki mbili. Nilifika 50 mwezi wa nane, na kile kiti bado nilikuwa nakikalia kila nilipoongeza.

Zipo kompaundi ghali za dola 1,000 na zaidi, tulivu, laini kama siagi. Nilivuta moja nikatamani. Lakini nyingi urefu wake unarekebishwa kwa kiasi kidogo tu, na mtu ambaye hajajua mwili wake vizuri atajifunga. Za bei rahisi kabisa zinazouzwa mtandaoni bila jina wala mtu wa kumpigia simu, nakataa. Kitu kinachobeba nguvu ya kilo 23 sentimita chache kutoka kwenye jicho langu nataka kijulikane kimetoka wapi.

Msimu wa kwanza nilikaa kwenye dungu asubuhi tisa bila kuvuta hata mara moja. Dungu ndilo neno sahihi, hata kama hili ni la chuma na limefungwa kwenye mti kwa mkanda. Kazi ni ileile ya kulinda ndege shambani, kukaa juu na kunyamaza. Asubuhi ya kumi, Oktoba, jike alikuja kutoka kwenye mahindi akitembea kama mtu aliyetumwa dukani. Nilivuta akiwa yadi 25. Akasimama nyuma ya mwaloni, kichwa na kifua vimefichika, mkia tu unaonekana. Nikahesabu pumzi zangu. Kwenye ya kumi na moja akapiga hatua mbili, yadi 17. Sikumbuki kubonyeza kifyatulio, kile kifaa cha mkononi cha kuachia ugwe. Nakumbuka ule mlio mdogo, kama mtu amegonga tikiti maji, na mshale umechomeka ardhini ng'ambo yake. Alikimbia hatua kama sabini. Mshale wangu na chembe yake una gramu 26, mwepesi kuliko kipande cha sabuni ya hotelini, na ulipita pande zote mbili. Kwa ratili 50. Hiyo 60 niliyoililia haikuwa na kazi.

Mke wangu aliipika ile nyama na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya Ukambani. Alikuwa ameapa hataila, "siwezi kula mnyama wa kwenye kadi za Krismasi", akala sahani mbili.

Mkiniuliza gharama zote: rikavu, mishale sita na vikorokoro vilinitoka karibu dola 230, na nikajifunzia hapo mwaka mzima. Kompaundi iliyotumika na mishale yake na vyembe ikawa kama 330. Jumla 560, upinde wa aina mbili na nyama kwenye friza. Ule wa kwanza 480, na ninachobaki nacho ni magurudumu mawili yaliyopinda ambayo yule jamaa ananiomba kila mwaka nimpe akayatundike kwake. Sitampa. Walioko Nairobi na Mombasa wanaoniuliza kwenye simu kama wanunue wa kuwindia, jibu mnalijua, uwindaji kwetu bado ni marufuku. Nyinyi chukueni rikavu ya ratili 25 au 30 mpige shabaha, wala msipoteze pesa kwenye vyembe.

Kwa hao wanaoishi huku: msinunue kabla ya kuvuta. Tafuta duka dogo lenye uwanja nyuma na mtu ambaye kwanza anakupima. Ukiingia mahali wakakuuliza unataka kuua nini kabla ya kukuuliza mikono yako ina urefu gani, toka. Na ukirudi nao nyumbani, ufungie. Wageni wa nyama choma hawasomi maelekezo.

Sasa nina shida nyingine. Binti yangu ana miaka kumi, ameanza kunifuata uwanjani na anaomba zamu. Ule rikavu wangu bado ni mgumu kwake, lakini hilo lingetatuliwa kwa kununua mabawa ya 25, labda mwaka ujao. Jana nilimfanyia lile jaribio la kitundu cha viganja, tukarudia mara tatu. Ni jicho la kushoto. Mpini wangu, kompaundi yangu, kila kitu changu ni cha kulia. Mama yake alikuwa dirishani anatuangalia, na nilipoingia ndani kuchukua simu nimpigie mzee, aliniwahi mlangoni: "Baba, usiniambie ni upinde mwingine tena."